Jamaa Moja Katika Mashua Ndogo

Dominika ya tarehe 24 Juni 1888, sikukuu ya kuzaliwa kwake Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mashua mpya ilikuwa ikitoka katika ghuba ya Paranaguá, upande wa kusini wa nchi ya Brazili. Urefu wake haukufika mita 11, upana wake ulikuwa mita mbili na robo hivi, na kina chake kilipungua mita moja. Ndani yake mlikuwa na watu wanne: baba, mama, kijana wa miaka 16, na mtoto wa miaka saba. Walikuwa wakirudi Marekani, mwendo wa maili za bahari zipatazo 5,500, yaani kilometa zaidi ya 10,000.

Ndugu wasomaji mnaokaa Uvira, Kalemie au Moba, ninyi mnazijua mashua za ziwa letu, jinsi zinavyopakia akina mama na watoto wao, na vikapu, na kuku waliofungwa miguu. Basi fikirini mama mmoja na mtoto wake katika chombo cha namna hiyo, wakilipita Ziwa Tanganyika kwa urefu wake wote, si mara moja, bali mara kumi na tano, tena katika maji yasiyo na ng'ambo.

Baba huyo aliitwa Joshua Slocum. Hakuwa wa dini yetu Katoliki. Baba yake alikuwa shemasi wa Wametodisti katika Nova Scotia, nchi ya Kanada, ambako yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1844. Aliikimbia nyumba ya baba yake angali kijana, akaanza kazi ya bahari kama mpishi wa mashua ya wavuvi, akapanda cheo kwa cheo hata akawa nahodha wa merikebu kubwa za matanga. Habari zake nyingi zimekwisha kuandikwa, naye mwenyewe aliziandika vizuri kuliko wote. Mimi leo nataka kusema juu ya mama na mtoto waliokuwamo chomboni, ambao watu huwasahau.

Yafaa kwanza mjue kwamba mtoto yule, jina lake Garfield, hakuwa mgeni wa bahari. Mama yake mzazi, Virginia Walker, aliolewa na nahodha mjini Sydney katika Australia mwaka 1871, na tangu siku hiyo merikebu ndiyo ilikuwa nyumba yake. Hakuwa na nyumba nyingine. Alizaa watoto saba, na wote walizaliwa ama chomboni ama katika bandari za ugenini. Mmoja alipewa jina la merikebu aliyozaliwa ndani yake. Binti alizaliwa katika visiwa vya Filipino. Garfield mwenyewe alizaliwa katika bandari ya Hong Kong mwezi wa Machi 1881, akapewa jina la rais mpya wa Marekani aliyekuwa akishika kazi siku zizo hizo. Watoto watatu kati ya saba walikufa wangali wachanga, na mama aliwalilia mbali na mama yake na dada zake, bila jirani wa kuja kukaa naye.

Asubuhi mama huyo aliwakalisha watoto mezani, akawafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, kama mwalimu afanyavyo darasani, na merikebu ikiyumba chini yao. Nahodha alikuwa na vitabu vingi chumbani mwake, maana yeye hakusoma sana shuleni na alitaka kuilipa hasara hiyo. Watoto walijifunza jiografia bila ramani ya ukutani: walifungua dirisha, wakaiona. Lakini mwezi wa Julai 1884, merikebu ikiwa imetia nanga mbele ya mji wa Buenos Aires, Virginia aliugua, akafa katika chumba chake cha merikebuni. Alikuwa na miaka 34. Garfield alikuwa na miaka mitatu.

Mwanzoni mwa mwaka 1886 nahodha alioa tena. Alimwoa binti wa jamaa yake mwenyewe, Henrietta Elliott, ambaye wote walimwita Hettie. Umri wake ulikuwa miaka 24, na kazi yake ilikuwa ushonaji wa nguo. Angalieni neno hilo, maana litarudi. Siku chache baada ya arusi walitoka New York katika merikebu ya nahodha iliyoitwa Aquidneck, imejaa mafuta ya taa ya kupeleka Montevideo. Watoto wawili wa katikati waliachwa kwa ndugu. Victor, mwana mkubwa, alikwenda pamoja nao kama baharia, na Garfield alikwenda kwa sababu mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa bila mama. Basi binti ambaye jana alishona nguo za watu leo alikuwa bibi-arusi, na mama wa kambo, na msafiri wa bahari-kuu, yote kwa mara moja. Na juma la kwanza lilimletea dhoruba kali.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya mashaka matupu. Walichukua shehena ya majani makavu kutoka Argentina, lakini kwa hofu ya kipindupindu Brazili ikafunga bandari zake, wakafukuzwa nayo. Mwezi wa Julai 1887, usiku, karibu na Paranaguá, Hettie alisikia minong'ono na nyayo za watu juu ya sitaha, akamwamsha mumewe. Baadhi ya mabaharia walikuwa wameinuka juu ya nahodha wao. Alitoka na bunduki, akampiga mmoja akafa, na wa pili akajeruhiwa. Alishitakiwa, na mahakama ikamwachilia kwa kuwa aliilinda nafsi yake na jamaa yake. Hata hivyo mtu alikuwa amekufa, na mtoto wa miaka sita alikuwa amelala hatua chache tu kutoka hapo. Halafu ndui ikaingia merikebuni. Mabaharia kadhaa wakafa, na jamaa ya nahodha ikaokoka. Mwisho, kati ya siku za kufunga mwaka, merikebu ikiwa imejaa mbao, mikondo na mawimbi viliitupa juu ya fungu la mchanga katika ghuba ya Paranaguá, ikavunjika. Haikuwa na bima. Mali yote ya nahodha Slocum ilikuwa mbao zile na merikebu ile.

Paranaguá ni mji mkongwe wa Wareno, wenye makanisa ya zamani, juu ya ghuba pana yenye visiwa. Nyuma yake milima inasimama kama ukuta wa kijani kibichi, yenye misitu mizito na mvua nyingi. Hapo ndipo jamaa hii ilipobaki, mfukoni hamna kitu, mwanzoni mwa mwaka 1888.

Njia rahisi ilikuwapo. Balozi wa nchi yao angeweza kuwarudisha kwao kama mabaharia waliovunjikiwa na chombo. Nahodha hakutaka kurudi hivyo. Aliwalipa mabaharia wake haki yao, kisha akasema kwamba atajenga mashua, na jamaa yake itarudi nyumbani kwa mikono yake yenyewe. Je, ni ujasiri huo, au ni kiburi? Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nimejibu namna nyingine. Mtu asiye na mtoto aweza kuchagua hatari apendavyo.

Lakini kazi waliyoifanya ni nzuri kuitazama. Vyombo vyao vilikuwa shoka moja, tezo moja, misumeno miwili, na vyuma vichache vya kutobolea. Sindano mbili kubwa za kushonea matanga ziligeuzwa kuwa vyuma vya kutobolea matundu ya misumari. Tupa yao, kitu cha thamani kuliko vyote, waliipata ndani ya mfuko wa zamani uliotupwa pwani na mawimbi. Vipande viwili vya mwanzi vikawa bikari. Makaa yalitwangwa laini kama unga, yakachanganywa na maji, ndiyo waliyoyapaka kwenye uzi ili kupiga mstari juu ya mbao. Sarafu za shaba zilipata kazi katika mashua badala ya dukani. Miti migumu ya msituni iliwekwa chini, na mierezi juu. Umbo la mashua lilikuwa mchanganyiko wa yote ambayo nahodha aliyaona duniani: tako lake lilifanana na mashua za wavuvi wa Marekani, na matanga yake yalikuwa ya namna ya Kichina, na mianzi mikubwa ilifungwa ubavuni nje, ili isipinduke upesi.

Victor alikuwa fundi na msokotaji wa kamba. Na matanga je? Matanga yalishonwa na Hettie. Yeye aliyejifunza kushona magauni alikaa sasa na vitambaa vizito juu ya magoti, akashona kitu ambacho maisha ya watu wanne yangekitegemea. Mumewe ameandika kitabu juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka 1890, na ndani yake ameyasifu matanga hayo kwa maneno machache, kama waume wengi wafanyavyo.

Mashua ilishushwa majini Dominika ya tarehe 13 Mei 1888. Siku iyo hiyo, mjini Rio de Janeiro, binti wa mfalme, Isabel, aliyetawala badala ya baba yake aliyekuwa Ulaya, alitia sahihi sheria ya kuwapa uhuru watumwa wote wa Brazili. Kabla ya hapo, tarehe 5 Mei, Baba Mtakatifu Papa Leo XIII alikuwa amewaandikia Maaskofu wa Brazili barua juu ya uovu wa utumwa. Nasi watu wa Kongo hatuwezi kuipita habari hii haraka, maana wengi wa watumwa wale walikuwa wana wa Kongo na Angola, au wajukuu wao. Julai ya mwaka uo huo Kardinali Lavigerie, ambaye wamisionari wake walikuwa wamekwisha kufika penye Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1879, alipanda mimbarani huko Paris na kuanza kuihubiria Ulaya juu ya utumwa wa Afrika. Nahodha aliposikia habari ya sheria mpya aliipa mashua yake jina la Kireno, Liberdade, yaani Uhuru.

Kibali cha safari kilikuwa shida kukipata. Mwishoni nahodha alikubaliwa cheti cha kuvua samaki, ndani ya mlango wa bahari na nje yake. Kwa karatasi za serikali, basi, hawa hawakuwa wasafiri bali wavuvi, na bahari yote kutoka Brazili hata Marekani ilihesabiwa kuwa nje ya mlango.

Akina mama watapenda kujua walichukua chakula gani. Walichukua ratili 120 za biskuti ngumu za baharini, yaani kilo 54 hivi, na ratili 100 za nyama kavu. Unga kidogo, sukari, kahawa iliyokaangwa hata ikawa nyeusi na kutwangwa laini, chai, nyama ya nguruwe, samaki wakavu, chupa mbili za asali, machungwa 200, mikungu sita ya ndizi, kikapu cha viazi vikuu, na vijiti kumi na viwili vya muwa. Maji yalikuwa lita 450 hivi. Sanduku la dawa lilikuwa na kokwa za Brazili, pilipili na mdalasini, basi. Mama yeyote aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa atasoma orodha hiyo, na atakapofika penye dawa atasimama.

Nje ya mlango wa ghuba waliipokea bahari yenyewe. Mashua ilipanda na kushuka, na nahodha, aliyekuwa ameizoea merikebu ndefu, alihisi upya jinsi mtu alivyo karibu na maji katika chombo kidogo. Aliwauliza wenziwe kama waendelee au warudi. Wote kwa sauti moja wakamwambia aendelee. Mtoto pia alitoa sauti yake. Sijui mtoto wa miaka saba anajibu nini baba yake akimwuliza neno kama hilo mbele ya mama na kaka. Lakini alijibu, na baba alimhesabu miongoni mwa mabaharia.

Siku za kwanza hazikuwa na huruma. Kabla hawajafika Santos, dhoruba iliyararua matanga ya Hettie yakawa matambara. Kazi ya majuma mengi ya sindano ilipotea kwa saa chache. Lakini mashua yenyewe haikuvuja, wala haikupinduka, wakaingia Santos salama.

Kutoka Santos mpaka Rio walipata msaada. Merikebu ya moshi iliyoitwa Finance, ambayo nahodha wake alimjua Slocum, ilikubali kuikokota mashua yao kwa kamba ndefu. Bibi Hettie na Garfield walipanda katika merikebu. Baba na Victor walibaki katika mashua. Merikebu ilikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, nao ulikuwa mwendo mkali mno kwa mashua ndogo. Baba alishika usukani, hakuweza kuuacha hata kwa kufumba na kufumbua, maana kama mashua ingegeuka upande kidogo tu ingezamishwa mara moja. Victor alikaa mbele, shoka mkononi, tayari kuikata kamba baba akimwamuru. Maji yaliwapiga usoni, wakalowa mpaka mifupani.

Watu husimulia habari hiyo ili kuwasifu wale wawili, na kweli wanastahili sifa. Lakini mimi humfikiri Hettie. Alikuwa juu, pakavu, penye chakula cha moto, na mtoto amemshika mkono. Na huko nyuma, mwisho wa kamba, kitu cheusi kilitokea juu ya wimbi, kikafichwa, kikatokea tena. Giza likaingia. Usiku katika chombo kidogo, kama maji yameingia, kuna la kufanya: kuna ndoo ya kukumba maji, kuna kamba ya kukaza. Juu ya sitaha ya merikebu kubwa hakuna kazi ila kutazama. Naona kwamba usiku ule mama na mtoto walilipa nauli yao yote.

Huko Rio walipata matanga mapya. Mji ulikuwa bado wa mfalme. Sanamu kubwa ya Kristu Mkombozi tunayoiona leo katika picha, mikono imenyoshwa juu ya mlima, ilibarikiwa miaka mingi baadaye, mwaka 1931. Walitweka tena tarehe 23 Julai. Hawajaenda mbali, karibu na rasi iitwayo Cabo Frio, nyangumi alizuka chini yao gizani, akaitikisa mashua kama mtu atikisavyo utoto wa mwana. Walidhani mwisho umefika. Nyangumi akaenda zake, nao wakaukagua mkuku wa mashua, wakaona haukuumia sana.

Wakafuata pwani kuelekea kaskazini. Wakaingia Bahia, katika ghuba ambayo Wareno waliiita Ghuba ya Watakatifu Wote. Mji wake, São Salvador, ndio uliopata Askofu wa kwanza wa Brazili, mwaka 1551. Umejengwa ngazi mbili, mji wa chini penye bandari na mji wa juu penye makanisa, na watu wake wengi ni wa damu ya Afrika. Kisha wakafika Pernambuco, katika bandari ya Recife, ambayo jina lake maana yake ni mwamba, kwa kuwa mwamba mrefu mbele ya mji huzuia mawimbi kama ukuta uliojengwa na wanadamu.

Toka hapo waliiacha pwani. Mpaka kisiwa cha Barbados palikuwa na maili zaidi ya 2,000, nao walikwenda siku 19.

Kama mtu akiuliza maisha ya jamaa katika chombo kidogo yalikuwaje, jibu liko katika siku hizo 19. Kitabu cha baba hakisemi mengi juu yake. Baba aandikapo husema pepo, mikondo na maili. Mama angaliandika angalisema usingizi, na nguo ambazo chumvi haziachi kukauka. Lakini mengine tunaweza kuyaona wenyewe. Upepo wa kusini-mashariki huvuma huko mchana na usiku bila kukoma, na mkondo wa bahari huenda upande uo huo, kama mto usio na kingo. Mashua haisimami kamwe. Hakuna mahali pa kutembea. Ukitaka kupita sharti mwenzako akunje magoti. Usukani hauachwi hata saa moja, na wawezao kuushika usiku ni wawili tu, baba na Victor. Mmoja akilala mwingine yu macho, hata watu wa jamaa moja waweza kukaa siku nyingi wasile pamoja. Maji ya kunywa hupimwa. Maji ya kufua ni ya chumvi. Mtoto akilala, ubao mmoja tu watenga kichwa chake na bahari, naye husikia maji yakipita sikioni usiku kucha. Samaki wenye mabawa huruka kutoka mawimbini, na asubuhi pengine huonekana wameanguka chomboni.

Katika njia hiyo walivuka mstari wa ikweta, ule ule unaokata nchi yetu ya Kongo. Upande wa kusini nyota ya kaskazini haionekani kabisa. Ukivuka, huanza kutokea chini karibu na maji, tena kila usiku hupanda kidogo. Kwa baharia wa kaskazini ile ni nyota ya nyumbani. Garfield alizaliwa China, akakulia merikebuni, mama yake mzazi alikuwa kaburini Buenos Aires. Nyumbani kwake palikuwa wapi? Pengine ndani ya mbao zile zile, mahali ambapo watu watatu walimjua jina lake.

Nami naona kwamba jambo lililowashika pamoja si upendo mtupu wa maneno, bali kazi. Katika mashua ya watu wanne hakuna mgeni. Hettie hakuwa abiria; nahodha mwenyewe ameandika kwamba alikuwa mwanamke wa moyo uwezao kuikabili dhoruba mbaya kuliko zote. Yeye hakumzaa Garfield wala Victor, na mambo ya mama wa kambo sisi sote twayajua, nyumbani kwetu kama kwingine. Katika kitabu chote cha safari ile sikuona neno moja la ugomvi kati yao. Huenda baba aliyaficha. Huenda hawakupata nafasi.

Walikaa Barbados hata majira ya tufani yakaribie kwisha, wakatweka mwezi wa Oktoba, wakapita Puerto Rico, wakapita maji machache ya visiwa vya Bahamas, na tarehe 28 Oktoba 1888 wakaiona pwani ya South Carolina. Tangu Paranaguá walikuwa wamekaa baharini siku 50 na kitu, ukitoa siku za bandarini. Nchi waliyoingia ilikuwa nayo imejaa watu waliotoka utumwani. Huko sheria iliwafungua mwaka 1865. Na mashua iliyoitwa Uhuru ikapita polepole katika mito na vijito vyao, kati ya mabwawa na mashamba, maana sasa nahodha aliacha bahari wazi akazifuata njia za ndani kuelekea kaskazini. Baridi ilikuwa imeanza. Noeli iliwakuta wangali njiani, na tarehe 27 Desemba wakatia nanga mjini Washington.

Tarehe hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mtume. Waliondoka siku ya Yohane mmoja, wakafika siku ya Yohane wa pili. Nahodha Mmetodisti hakulitengeneza jambo hilo makusudi, wala sisemi lina maana. Lakini nilipozihesabu tarehe nilifurahi.

Watu wakaja kuitazama mashua, wakamstaajabia nahodha. Kitabu kikaandikwa. Kisha jamaa ikatawanyika katika nyumba za ndugu, kama jamaa maskini zifanyavyo. Siku za merikebu za matanga zilikuwa zikipita, na nahodha wa miaka 45 hakupata merikebu nyingine. Alipewa mashua kuukuu iliyooza shambani, akaijenga upya ubao kwa ubao, akaiita Spray. Na kwa hiyo, kati ya mwaka 1895 na 1898, aliizunguka dunia peke yake, akawa mtu wa kwanza kufanya hivyo.

Kabla hajaondoka, husimuliwa, alimwuliza mkewe kama angependa kufuatana naye. Bibi Hettie akamjibu kwamba yeye safari yake amekwisha kuifanya.

Basi tarehe 24 Aprili 1895, katika bandari ya Boston, nahodha aliling'oa nanga lake bila mtu wa kumsaidia. Garfield alikuwa amekwisha kutimiza miaka 14. Naye hakwenda.